Pacha wa Bomba katika Nyika ya Wembere

Tangu zamani mafundi wamejenga vielelezo vidogo kabla ya kujenga vyombo vikubwa. Lakini kielelezo cha mti chaonyesha umbo tu. Hakipati joto wala hakichakai. Upungufu huo ndio uliowaelekeza wataalamu kwenye hesabu. Mwaka 1822 Joseph Fourier, Mfaransa, alichapisha kitabu juu ya mwendo wa joto, na kanuni zake hutumika katika kompyuta hata leo. Mwezi wa Aprili 1970, tangi la oksijeni lilipopasuka katika Apollo 13, wahandisi waliobaki duniani walijaribu hatua za uokozi katika vyombo vya mazoezi kabla ya kuwaagiza wasafiri. Mwaka 2002 Michael Grieves alieleza wazo la kukipa kila chombo mwenzake ndani ya kompyuta. Baadaye mwenzake huyo akaitwa pacha wa kidijitali.

Katika Mkoa wa Singida wazo hilo lina kazi. Njia ya Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga, hupita mkoani humo. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi, nayo yakipoa huganda. Kwa hiyo bomba hufunikwa kwa povu la kuzuia joto, na mafuta yamekusudiwa kusafiri yakiwa na nyuzi 50 za Sentigredi. Bomba likiisha kufukiwa, jicho halilioni tena. Hapana budi hesabu iwe jicho.

Walakini hesabu haizidi kile ilichopewa. Nyika ya Wembere, upande wa Iramba, hukauka wakati wa kiangazi na kufurika wakati wa mvua. Na udongo uliolowa hupitisha joto upesi kuliko udongo mkavu. Mhandisi akitia tarakimu za kiangazi peke yake, pampu zikasimama wakati wa mafuriko, kompyuta itamwahidi muda ambao hanao.

Basi pacha asiyesahihishwa kwa vipimo vya kila siku ni picha tu. Naye mkulima wa Kinyiramba, ajuaye mbuga ipi hutangulia kujaa maji na ipi huchelewa kukauka, ana elimu ambayo kanuni za Fourier peke yake haziwezi kuitoa. Afaa kuulizwa mapema.