Nani Apangaye Uzazi? Kongo, 1933–2018

Kabla ya utawala wa Ubelgiji, jamii nyingi za Kongo zilitenganisha vizazi kwa desturi: mzazi hakukutana na mumewe mpaka mtoto aache ziwa. Waswahili wa pwani waliifupisha hofu hiyo hiyo katika kitenzi kimoja, kubemenda, yaani kumdhoofisha mtoto anyonyaye kwa kurudia tendo la ndoa mapema. Desturi hiyo ilimkinga mwanamke, ingawa haikuwa hiari yake. Mara nyingi wasimamizi wake walikuwa wakwe na wazee.

Mkoloni aliitazama kwa jicho la mhesabu watu. Alihitaji wafanyakazi, naye aliogopa kwamba watu wanapungua. Nancy Rose Hunt ameonyesha jinsi madaktari na wamisheni walivyowahimiza akina mama waachishe ziwa mapema ili wazae tena. Amri ya 1933 ikapiga marufuku kutangaza na kueneza vizuizi vya mimba. Nao wanawake wengi wa Equateur na Uele walikuwa wakilia kwa utasa ulioletwa na magonjwa ya zinaa!

Mnamo Desemba 1972 Mobutu alitangaza siasa mpya kwa jina la Kifaransa lenye maana ya ‘uzazi unaotamanika’. Mwanaisimu hawezi kulipita jina hilo kimya: kitenzi chenye kiambishi -ik- hakitaji mtendaji. Unatamanika kwa nani: mke, mume, au Serikali? Aidha, amri ya 1933 haikufutwa. Kampeni iliendeshwa huku sheria ikiikataza.

Kongo iliridhia Itifaki ya Maputo mwaka 2008, lakini iliichapisha katika gazeti rasmi mwezi Machi 2018 tu. Sheria ya afya ya umma ya Desemba 2018 ndiyo iliyoruhusu wazi uzazi wa mpango. Kwa wanandoa inadai ridhaa ya wote wawili; wasipoafikiana juu ya njia, matakwa ya ‘mwenzi anayehusika’ ndiyo hutangulia. Katiba, kifungu cha 142, inaiagiza Serikali ieneze kila sheria kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo, katika siku 60. Huko Lubutu, kwenye barabara ya Kisangani na Bukavu, mume akija kudai sababu ya sindano aliyochomwa mkewe, muuguzi hulazimika kumfafanulia kwa Kiswahili, papo hapo, ni nani hasa ‘anayehusika’.