Piano Iliyojificha Ndani ya Gitaa

Mzee wa Rutshuru, mashariki mwa Kongo, akitaja jazz, huenda hafikirii New Orleans. Anakumbuka African Jazz, orkesta ya Joseph Kabasele iliyoanza mwaka 1953, au OK Jazz ya 1956 iliyomkuza mpiga gitaa Franco. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kulikuwa na Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz na Western Jazz. Jazz lilikuwa jina la bendi ya dansi: gitaa tatu, tumba, sauti za kupokezana, na tarumbeta au saksafoni pale fedha zilipopatikana. Piano haikuwamo.

Au tuseme ilikuwamo, ila haikuonekana.

Kuanzia mwaka 1933 santuri za mfululizo wa GV, zilizojaa muziki wa Cuba, ziliingia Afrika na kupendwa mno mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo. Katika nyimbo zile mpiga piano ana kazi maalumu. Waimbaji wanapoanza kuitikiana, yeye hushika kipande kifupi cha noti zilizovunjwavunjwa na kukizungusha bila kuchoka, hadi miguu ya wachezaji ishindwe kutulia. Wacuba hukiita montuno. Vijana wa Léopoldville walikisikia na kukitamani, lakini piano ya kusimama ina uzito wa kilo 200 na zaidi, bei yake ilikuwa ya Wazungu, na joto lenye unyevu huvuruga sauti za nyuzi zake na kuvimbisha mbao. Kipande kile kikahamishiwa kwenye gitaa. Ukimsikiliza mpiga gitaa Docteur Nico ndani ya African Jazz, vidole vyake mara nyingi vinafanya kazi ya mkono wa kulia wa mpiga piano wa Havana. Sebene, ile sehemu ya wimbo ambamo gitaa huzunguka na watu hucheza, tunaiona kuwa yetu kabisa, na ni yetu kweli, lakini ilinyonya pia maziwa ya Cuba.

Piano yenyewe ilikuja baadaye, na mgeni. Mwaka 1960 Kabasele alikuwa Brussels wakati wa mkutano wa uhuru wa Kongo, na huko akakutana na Manu Dibango wa Cameroon, mpiga saksafoni aliyeimudu piano pia. Mwaka uliofuata Dibango akaja Léopoldville. Alirekodi na African Jazz, akaendesha klabu yake, akaondoka mwaka 1963. Alikaa muda mfupi, lakini aliwaonyesha watu kwamba kinanda kinaweza kuketi katikati ya rumba bila kuivuruga.

Mkongomani aliyeifanya piano kuwa riziki ya maisha yote ni Ray Lema. Alizaliwa mwaka 1946 katika kituo cha treni cha Lufu-Toto, Kongo ya Chini. Alitaka kuwa padri. Akiwa seminarini, mapadri waligundua kipaji chake, wakamweka kwenye ogani. Alifunzwa Bach na Mozart kabla ya kujua rumba ya mtaani. Upadri ukamponyoka, masomo ya kemia chuoni nayo hayakumshika. Akaingia kwenye vilabu vya Kinshasa, akapiga na waimbaji kama Tabu Ley na Abeti.

Mwaka 1974 alipewa uongozi wa muziki katika Ballet ya Taifa ya Zaïre, na kazi hiyo ikamtuma mikoani kutafuta mafundi wa ngoma. Kwangu mimi, hiyo ndiyo safari iliyomfanya mpiga piano wa aina yake. Aliyelelewa na ogani huhesabu moja, mbili, tatu, nne, na wote huanza kwenye moja. Katika ngoma za vijijini kila mpigaji huingia mahali pake, na wimbo huzaliwa pale midundo inapokutana. Kuhamisha jambo hilo kwenye mikono miwili ni kazi ngumu: mkono wa kushoto unakuwa ngoma kubwa isiyoyumba, wa kulia unapita juu yake kwa hesabu nyingine, na moyo haukubali kuufuata wowote kati ya hiyo miwili.

Mwaka 1979 alikwenda Marekani kwa mwaliko wa Rockefeller Foundation, kisha akahamia Ufaransa. Huko ametoa Mizila, albamu ya piano peke yake (2004), na Riddles, piano mbili pamoja na Laurent de Wilde (2016).

Rutshuru nayo, kilomita 70 hivi kaskazini mwa Goma, shule yake ya kinanda ni ile ile ya Lema: kanisa. Kijana hujifunza kwenye kwaya, akimtazama aliyemtangulia. Vita vimefanya hata hilo kuwa gumu. Waasi wa M23 waliuteka mji mwaka 2012, wakarudi Oktoba 2022, na watu wakakimbilia kambi za Kanyaruchinya, karibu na Goma, kwa miguu. Gitaa hubebwa mgongoni; kinanda na spika zake hubaki.

Kuna jambo moja lililobadilika. Desemba 2015 kituo cha umeme wa maji cha Matebe, kwenye mto Rutshuru wenyewe, kilizinduliwa na Hifadhi ya Virunga, kikiwa na uwezo wa megawati 13 hivi. Kabla yake, aliyetaka kinanda kilie alitegemea jenereta na bei ya mafuta. Sasa pale umeme unapofika, mpigaji hubonyeza swichi, huchagua sauti ya gitaa, na mkono wake wa kulia huanza kuzungusha sebene.