Chui Milia wa India na Majirani Zake

Hesabu ya mwaka 1972 ilionyesha kwamba India nzima ilikuwa imebakiwa na chui milia 1,827. Idadi hiyo iliishtua serikali, na tarehe 1 Aprili 1973 ukazinduliwa Mradi wa Chui Milia katika hifadhi ya Corbett, kwenye vilima vya chini vya Himalaya. Hifadhi tisa ziliteuliwa kuanza nazo: Corbett yenyewe, Ranthambhore katika ukame wa Rajasthan, Kanha na Melghat katikati ya nchi, Palamau na Simlipal upande wa mashariki, Manas mpakani mwa Bhutan, Bandipur kusini, na mikoko ya Sundarbans inayopakana na Bangladesh.

Kwa vizazi kadhaa kabla ya hapo, chui milia alikuwa windo la wakubwa. Maofisa wa Kiingereza na maharaja walimwinda wakiwa juu ya tembo, huku wanakijiji kwa mamia wakipiga ngoma na madebe kumfurusha vichakani hadi mbele ya bunduki. Maharaja wa Surguja peke yake anatajwa kuwa aliua zaidi ya 1,000. Asiye na cheo naye alikuwa na lake, kwani serikali ya kikoloni ilitoa zawadi ya fedha kwa aliyeua. Uhuru wa 1947 haukumpunguzia mnyama huyu adha. Kampuni za uwindaji zilileta wageni wenye fedha kutoka Ulaya na Marekani, ngozi zikapata soko, na katika tambarare za Terai, dawa ya DDT ilipoifukuza malaria, wakulima waliingia na kuufyeka msitu. Bunduki hutajwa zaidi kwa sababu nyuma yake kuna mtu wa kulaumiwa, lakini huenda shoka na jembe viliangamiza wengi zaidi.

Jina la hifadhi ya Corbett linafika hadi Nyeri, Kenya. Jim Corbett, aliyezaliwa Nainital mwaka 1875, alipata sifa kwa kuwaua chui wala watu. Wa kwanza alikuwa jike wa Champawat, mwaka 1907, aliyesemekana kuua watu 436. Baadaye Corbett alipenda kamera kuliko bunduki, na alishiriki kuanzishwa kwa hifadhi hiyo mwaka 1936, ikiwa hifadhi ya taifa ya kwanza nchini India. Kitabu chake cha 1944 kuhusu wala watu wa Kumaon kilieleza kwamba chui milia hugeukia binadamu kwa kawaida akiwa na jeraha au amezeeka, asiweze tena kukamata windo lake. Wasomaji waliokuwa wamemjua mnyama huyu kwa vitisho walianza kumwonea huruma. Corbett alihamia Kenya mwaka 1947, akafariki 1955 na kuzikwa Nyeri. Hifadhi ilipewa jina lake baada ya kifo chake.

Huruma hiyo iligeuka siasa mwaka 1969, shirika la uhifadhi la IUCN lilipokutana New Delhi na kutaka uwindaji wa chui milia ukomeshwe. India ilipiga marufuku mwaka uliofuata, na mwaka 1972 ikatunga Sheria ya Kulinda Wanyamapori. Wakati huohuo Guy Mountfort wa shirika la WWF aliongoza kampeni ya kukusanya dola milioni moja, nyingine zikitoka kwa wachangiaji wa kawaida wa Ulaya ambao hawakuwahi kusikia mngurumo wa chui. Waziri Mkuu Indira Gandhi aliubeba mradi kama wake, na mbele yake wakuu wa majimbo waliozoea kugawa vibali vya kukata miti hawakuwa na ubishi. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa Kailash Sankhala, ofisa wa misitu aliyeamini kwamba kitovu cha hifadhi hakipaswi kuwa na mtu, ng'ombe wala shoka.

Gharama ya imani hiyo ililipwa na watu ambao hawakuulizwa. Wabaiga na Wagondi walihamishwa kutoka Kanha. Huko Ranthambhore, ofisa wa misitu Fateh Singh Rathore alisimamia kuhamishwa kwa vijiji katika miaka ya 1970. Nyasi zilirudi, swala wakarudi, na chui wakaanza kuonekana mchana kweupe. Lakini wafugaji waliofungiwa malisho hawakusahau. Mwaka 1981 kundi lao lilimpiga Rathore nusura afe.

Kwa miongo mitatu mafanikio yalipimwa kwa kalamu na kioo. Askari wa misitu alipokuta unyayo mavumbini, alitafuta ule wa mguu wa nyuma wa kushoto, akaweka kioo juu yake, akafuatisha mzunguko wake kwa kalamu, kisha akanakili mchoro kwenye karatasi na kuupeleka ofisini. Kila mchoro tofauti ulihesabiwa kuwa chui mmoja. Tatizo ni kwamba chui yuleyule akikanyaga mchanga na baadaye tope huacha nyayo mbili zisizofanana. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba aliyehesabu ndiye aliyesifiwa idadi ilipopanda.

Majangili, kwa upande wao, hawakuhesabu karatasi. Mifupa ya chui ilitakiwa China kwa ajili ya dawa za jadi, na mwaka 1993 karibu kilo 400 zilikamatwa Delhi. China ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka huohuo, lakini magendo yaliendelea. Mwishoni mwa 2004 ikabainika kwamba katika hifadhi ya Sariska hakuna hata chui mmoja, ilhali vitabu vya ofisi viliwaonyesha zaidi ya kumi.

Aibu ya Sariska ilizaa kikosi kazi kilichoongozwa na mwanamazingira Sunita Narain. Ripoti yake ya 2005 ilisema wazi kwamba askari, wawe wengi namna gani, hawawezi kulinda msitu uliozungukwa na majirani wenye kinyongo. Mwaka 2006 iliundwa mamlaka ya kitaifa ya chui milia, na mwaka huohuo sheria nyingine ikatambua haki za wakazi wa misitu. Kuanzia 2008 familia iliyokubali kuhama iliahidiwa rupia 1,000,000.

Hesabu nayo ilibadilika. Kamera zilitegwa njiani mwa chui, na kila mmoja akatambuliwa kwa mistari yake, isiyofanana na ya mwingine yeyote. Jibu la kwanza lilikuwa 1,411. Mwaka 2010 idadi hiyo iliwekwa kwenye matangazo ya biashara, na mijini ikajulikana hata kwa wasiojua Sariska iko wapi. Baadaye idadi ilipanda: 2,226 mwaka 2014, 2,967 mwaka 2018, na makadirio ya 3,682 kwa mwaka 2022.

Kuongezeka huko kumewatoa chui wengi nje ya mipaka ya hifadhi, na suala likarudi kwa jirani. Pembezoni mwa Corbett yapo malipo ya haraka kwa aliyeuliwa ng'ombe, kifuta machozi kinachopaswa kumfikia kabla hajashawishika kutia sumu mzoga. Huko Sundarbans, warina asali, Wahindu kwa Waislamu, humwomba Bonbibi, mlinzi wa msitu, kabla ya kuingia mikokoni. Katika miaka ya 1980 walipewa vinyago vya kuvaa kisogoni kwa kuwa chui hushambulia kutoka nyuma. Vilisaidia kwa muda, kisha ikasemekana chui wamevizoea. Kilichodumu zaidi ni uzio wa nyavu za nailoni kati ya msitu na vijiji, uliopunguza chui wanaopotelea majumbani. Familia ya aliyeuawa akiwa ameingia bila kibali, hata hivyo, kwa kawaida huambulia patupu.

Katika vilima vya Biligiri Rangaswamy, jimbo la Karnataka, Wasoliga walipinga kuhamishwa. Vilima hivyo vilitangazwa hifadhi ya chui milia mwaka 2011, na mwaka huohuo vijiji vyao vikapata hati za haki ya kuchuma asali na mazao mengine ya msitu. Wamebaki humo, pamoja na chui.