Somo la Historia: Je, Doria ya Polisi Huzuia Wizi?

Juma lililopita tuliona jinsi Bwana Robert Peel, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, alivyoanzisha polisi wa mji wa London mwaka 1829. Shabaha yake ilikuwa kuzuia uovu kabla haujatendeka, wala si kungoja tu kumkamata mwivi. Kwa hiyo askari walizunguka mitaani usiku na mchana. Miji mingi ikafuata desturi hiyo. Baadaye wengi walipanda motokaa, lakini imani ilikuwa ile ile: mwivi akimwona askari anapita, ataogopa.

Je, imani hiyo ilipata kupimwa? Ilipimwa katika Kansas City, jimbo la Missouri, Marekani, tangu Oktoba 1972 mpaka Septemba 1973. Polisi walichukua maeneo 15 ya doria, wakayagawa mafungu matatu, kila fungu maeneo 5. Katika fungu la kwanza motokaa za polisi ziliacha kuzunguka, zikawa zinaingia pale tu zilipoitwa. Fungu la pili lilipewa doria mara mbili mpaka tatu kuliko kawaida. La tatu liliachwa kama lilivyokuwa.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Uvunjaji wa nyumba haukupungua penye doria nyingi, wala haukuzidi pasipo doria. Hofu ya wakazi nayo haikubadilika.

Basi, polisi hawana faida? Hasha! Angalieni vizuri: walioomba msaada waliendelea kupata msaada. Kilichoonekana hakina faida ni kuzungukazunguka bila kujua pa kwenda.

Jambo hili lilidhihirika baadaye katika mji wa Minneapolis. Wataalamu waligundua kwamba kiasi cha nusu ya miito ya polisi ilitoka katika anwani 3 hivi kati ya kila 100. Mwaka 1988 na 1989 walichagua sehemu ndogo 110 zenye matata mengi, wakaongeza doria katika 55. Huko miito ya uhalifu ikapungua, ikilinganishwa na sehemu nyingine 55.

Ndugu wasikilizaji, askari ni wachache, na mshahara wao hutoka katika kodi zetu. Askari anayezungushwa bure ndiye anayekosekana mlango wa mjane unapovunjwa.

Swali la kujadiliana katika kikundi chenu: mtaani kwenu, matata hutokea hasa mahali gani, na saa ngapi?