Mahaba, Chuku na Bara Hindi: Kuipa Jina "Historical Romance"

Mtu akikuambia amesoma "riwaya ya mapenzi ya kihistoria", amesoma nini? Sarufi haikusaidii. Riwaya katika umoja huchukua "ya", na mapenzi nayo huchukua "ya", kwa hiyo ile "ya" ya pili haijulikani ni ya nani. Huenda riwaya ndiyo ya kihistoria, yaani visa vyake vimewekwa katika zama zilizopita. Huenda mapenzi ndiyo ya kihistoria, mapenzi yaliyotokea kweli, kama ya Shah Jahan na mkewe Mumtaz Mahal, aliyejengewa Taj Mahal. Peleka maneno hayo katika wingi na utata unaondoka: "riwaya za mapenzi za kihistoria" ni kitu kimoja, "riwaya za mapenzi ya kihistoria" ni kitu kingine kabisa. Kwa bahati mbaya, aliye dukani au maktabani huulizia kitabu kimoja kimoja.

Waingereza, wanaokiita kitabu cha namna hiyo historical romance, hawana tatizo la "ya". Wana lao, nalo limo katika hilo neno la pili. Katika Ulaya ya kale, romance ilikuwa hadithi iliyosimuliwa kwa lugha ya watu wa kawaida badala ya Kilatini: mashujaa wapanda farasi, majoka, viapo, safari za mbali. Mapenzi yalikuwamo, ila hayakuwa sharti. Walter Scott alipotoa Waverley mwaka 1814, romance aliyoifuata ilikuwa hiyo ya mapanga na milima. Maana ya pili ilishamiri katika karne ya 20, na kwa sehemu kubwa ni kazi ya wachapishaji. Kwao romance ni riwaya ambayo kiini chake ni wapenzi wawili, na ambayo lazima imalizike wakiwa pamoja. Chama cha waandishi wa riwaya hizi cha Marekani kimelitamka sharti hilo waziwazi: mapenzi yawe ndiyo mhimili wa hadithi, na mwisho uwe wa kuridhisha na wenye matumaini. Mills & Boon, kampuni ya London iliyoanzishwa mwaka 1908, imepata jina na riziki kwa vitabu vya namna hiyo. Msomaji hufungua ukurasa wa kwanza akijua kwamba watapatana. Anachotaka kuonyeshwa ni njia watakayopita.

Kwa ile maana ya kwanza, sisi tuna neno chuku. Kupiga chuku ni kutia chumvi, na riwaya chuku ni hadithi ya mashujaa wasiochoka na sadfa zisizokwisha. Nalipenda neno hili kwa sababu lina kejeli kidogo, lakini halina huba ndani yake. Wapo pia wahakiki wanaotumia ulimbwende, ila hilo tumekwisha kulikabidhi kwa mkondo wa washairi kina Wordsworth na Byron, na kwa msomaji wa magazeti mlimbwende ni msichana anayewania taji la urembo. Kutohoa na kuandika "romansi" hakuniridhishi. Neno linavuka bahari na utata wake wote, halafu linatuomba tulishukuru.

Ugumu wenyewe unaonekana ukivishika vitabu vya Bara Hindi la wakati wa ukoloni, kwa sababu huko maana hizi mbili zimegombana kwa muda mrefu. Philip Meadows Taylor, Mwingereza aliyemtumikia Nizam, yaani mtawala wa Hyderabad, kwa miaka mingi, alichapisha Seeta mwaka 1872. Ndani yake afisa wa Kiingereza, Cyril Brandon, anamwoa mjane wa Kihindu, na uasi wa Wahindi wa 1857 unawakuta. Kwa msomaji wa London wa siku zile lilikuwa jambo zito kulimeza, na mwandishi ni kama alilijua hilo: Seeta anauawa, na Brandon anaishia kumwoa Mwingereza mwenzake. Kwa kipimo cha Scott kitabu kimetimia. Kwa kipimo cha duka la leo kimemdhulumu mnunuzi.

Sasa mchukue M. M. Kaye, aliyezaliwa Simla mwaka 1908. Riwaya yake The Far Pavilions ilitoka mwaka 1978. Ashton ni yatima wa Kiingereza aliyelelewa na yaya wake wa Kihindu kama mwanawe wa kumzaa. Anjuli ni binti wa ikulu, mwenye damu ya Kirusi kwa upande wa mama. Tuseme ukweli, tone hilo la damu ya Kirusi halikuwekwa bure: linampunguzia makali msomaji wa Ulaya ambaye angeona Mhindi mtupu ni mbali mno naye. Ashton anamtorosha Anjuli siku ambayo mke mwenzake anachomwa pamoja na maiti ya mume wao. Kisha yanafuata mapigano ya Kabul ya 1879, ambamo mjumbe wa Uingereza, Cavagnari, aliuawa kweli. Chuku imejaa tele, na mwishowe wapenzi wako pamoja. Lakini angalia wanakokwenda. Wanapanda farasi kuelekea milima ya theluji, mbali na kambi ya Waingereza na mbali na ikulu za Wahindi.

Hapo ndipo Bara Hindi linapoibana istilahi hii kuliko London ya wakati wa Malkia Victoria. Aina ya kitabu inadai raha mustarehe. Historia inakataa kuwapa wapenzi hao mahali pa kukaa. Mwaka 1791 Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya Indi ilifunga milango ya utumishi wake kwa wana waliozaliwa na mzazi Mhindi. Mwaka 1857 ulimwaga damu na kuacha chuki pande zote mbili, na mwaka uliofuata utawala ukahamishwa kutoka kwa Kampuni hadi kwa Taji. Baada ya hapo kijana wa Kiingereza aliyemwoa Mhindi alihatarisha kazi yake na nafasi yake katika jamii. Mwandishi anayetaka mwisho mwema hana budi kuwahamisha watu wake: awapeleke milimani, awarudishe Uingereza, au amfanye mmoja wao chotara mwenye urithi mnono.

Historia yenyewe haikuwa na milima ya kukimbilia. James Achilles Kirkpatrick, mwakilishi wa Kampuni katika mji wa Hyderabad, alimwoa Khair-un-Nissa, binti wa ukoo mkubwa wa Kiislamu, na wakuu wake wakamchunguza kwa ajili hiyo. Mwaka 1805 watoto wao wawili walipelekwa Uingereza, na mwaka huo huo baba akafia Calcutta. Mama hakuwaona tena wanawe. William Dalrymple amesimulia kisa hicho katika White Mughals, kilichotoka mwaka 2002, na si riwaya, ni historia. Haya basi ndiyo "mapenzi ya kihistoria" kwa maana ile nyingine ya "ya".

Neno kihistoria nalo lina mpaka wake. Halimaanishi kitabu cha zamani, bali kitabu kinachoyatazama ya zamani kwa mbali. Scott alitamba kwamba kisa cha Waverley kilikuwa na miaka 60. Maud Diver, mzaliwa wa Murree, alipotoa Captain Desmond, V.C. mwaka 1907, alikuwa akiandika kuhusu maafisa wa zama zake mwenyewe. Leo kinanuka vumbi, lakini hakikuwa cha kihistoria kwa aliyekiandika. Flora Annie Steel, aliyeandika kuhusu 1857 mwaka 1896 akiwa amepekua nyaraka za serikali, ningemkubali. Sherry Thomas, ambaye Not Quite a Husband yake ya 2009 inampeleka tabibu wa kike na mwanamume aliyeachana naye katikati ya uasi wa bonde la Swat mwaka 1897, hana mjadala.

Na kwa kuwa Swat leo iko Pakistani, kama ilivyo Mardan, makao ya kikosi cha jeshi anachokitumikia Ashton, afadhali tuseme Bara Hindi kuliko India. Kiswahili kina jina hilo tayari, tena halina mipaka ya 1947 ndani yake.

Sasa kati ya mapenzi na mahaba. Mapenzi ni mapana mno: kuna mapenzi ya nchi, ya mama, ya mpira. Mahaba ni ya wawili. Tena katika simulizi za Hyderabad au Delhi neno hilo lina ndugu yake, mohabbat ya Kiurdu, iliyotoka katika asili ileile ya Kiarabu. Kwa hiyo napendekeza "riwaya ya kihistoria ya mahaba". Mpangilio huu unaua utata, maana "ya mahaba" haina pa kujishika isipokuwa kwenye riwaya. Atakayelalamika kwamba historia imetangulia ilhali msomaji anafuata mahaba ana haki. Mimi nimechagua uwazi.

Undugu wa maneno, hata hivyo, una mitego. Waingereza wa Kampuni walimwita "bibi" mwanamke wa Kihindi aliyekaa na Mzungu kinyumba, mara nyingi bila ndoa inayotambuliwa. Mfasiri akiliacha neno hilo kama lilivyo, msomaji wa Tanga ataona ajuza mwenye mkongojo. Sahib ni bwana mkubwa, lakini sahibu wetu ni rafiki. Memsahib ndiye peke yake asiyesumbua: alikwisha kufika Kenya na walowezi, akaitwa memsabu.

Kipimo kizuri cha istilahi ni kuijaribu nyumbani. Vuta n'Kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999 na kufanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021, ina Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja aliyeozwa kwa mfanyabiashara mzee, na Denge, mpigania uhuru. Ukoloni umo, Uhindi umo, zama zilizopita zimo, mahaba yamo. Lakini siasa ya kudai uhuru ndiyo inayovuta kamba, na mapenzi ya hao wawili hayafiki kwenye ndoa. Ningeiandika katika orodha ya maktaba kuwa riwaya ya kihistoria yenye mahaba, na hiyo "yenye" nisingekubali mhariri aibadilishe kuwa "ya".