Shule Iliyosikiliza Bahari

Siku hizi ukitaka kujua meli iko wapi, unafungua simu tu. Meli kubwa zinatangaza zenyewe majina yao, mahali zilipo na mwendo wao, mara kwa mara. Wakati wa Vita vya Pili, nahodha alikuwa anajificha. Shida ni kwamba lazima angeongea na wenzake, na akiongea tu, amejianika.

Fikiria mtu anapiga kelele gizani. Wewe unanyoosha kidole sauti inakotoka. Mwenzako, mtaa wa pili, naye ananyoosha chake. Mistari yenu inapokatana, ndipo alipo. Hujaelewa neno hata moja, lakini umempata. Antena zilizo mbalimbali zilifanya hivyo hivyo.

Kazi hii ilifika kwetu. Aprili 1942 ndege za Japani zilishambulia Colombo, na Waingereza wakahamisha kikosi chao cha kunasa redio za Wajapani hadi Mombasa. Kikawekwa wapi? Shule ya Allidina Visram, hiyo hiyo unayoijua, pale kando ya bahari.

Mombasa ilikuwa mbali mno na Wajapani, kwa hivyo mawimbi mengi yalifika yakiwa dhaifu, mengine hayakufika kabisa. Lakini Septemba 1942 Wajapani walifanya kosa la kutuma ujumbe mmoja mara mbili. Kosa hilo likawasaidia watu wa Mombasa kufungua JN-40, fumbo la meli za mizigo za Japani. Sasa hawakujua tu meli iko wapi. Walijua inaenda wapi na imebeba nini. Mwaka 1943 kikosi kikarudi Colombo.

Februari 1944, meli Khedive Ismail ikatoka Mombasa kwenda Colombo. Ndani kulikuwa na wanajeshi wa mizinga kutoka Afrika Mashariki, na wauguzi. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Japani I-27 ikaipiga. Ilizama kwa dakika chache tu. Karibu watu 1,300 walikufa.

Antena humpata anayeongea. Aliyenyamaza chini ya maji, haimwoni.

Tumezoea kuambiwa vile vita vilikuwa vya Wazungu. Ukipita tena pale shuleni, angalia bahari kidogo. Wengi wetu tuna babu ambao hawakurudi, na hatukuwahi kuuliza walizama wapi.