Kondoa: Mwaka mifugo ilipohamishwa ili ardhi ipone

Kila kiangazi tunasikia ugomvi wa wakulima na wafugaji. Kondoa iliwahi kufanya jambo ambalo wilaya nyingi zisingethubutu: kuondoa mifugo yote kwenye eneo zima. Zaidi ya nusu karne tangu mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) uanze mwaka 1973, habari hii haisimuliwi vya kutosha.

Mmomonyoko ulikuwepo tangu zamani. Enzi za Waingereza, vita dhidi ya mbung'o vilifyeka vichaka na kuwasogeza watu pamoja, jambo lililouzidisha. Miaka ya 1930, Marekani ilipokuwa ikipeleka vijana kambini kupanda miti na kuziba makorongo, watawala wa huku nao walihofia kupotea kwa udongo. Baadaye wananchi walilazimishwa kuchimba matuta, wakayachukia.

HADO, kwa fedha za Sweden, ilianza na matrekta, makinga maji na vitalu vya miche. Mkonge na matete vikapandwa makorongoni. Lakini kwato zilikanyaga matuta, na mbuzi wakatafuna miche.

Ndipo mwaka 1979 ikaja amri: ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda watoke kwenye kilomita za mraba 1,256 za vilima vya Irangi. Mifugo zaidi ya 80,000 ikaondoka. Kwa Mrangi, mwenyeji wa vilima hivyo, ng'ombe ni mahari, samadi, akiba na maziwa ya mtoto. Wengine waliwapeleka kwa ndugu na marafiki nje ya mpaka, wengine wakauza. Punda alipoondoka, maji na magunia ya nafaka yakarudi vichwani mwa akina mama. Aliyekamatwa akichunga alitozwa faini. Manung'uniko yalikuwa makubwa, na ya haki.

Hata hivyo, ardhi iliitikia. Watafiti wa Dar es Salaam na Stockholm walishuhudia nyasi, kisha miombo, vikifunika miteremko iliyokuwa mitupu. Mwaka 1989 wakaruhusiwa ng'ombe wa maziwa wa kufugwa bandani. Ufadhili ulikoma katikati ya miaka ya 1990, na mifugo ikaanza kurejea kidogo kidogo.

Leo barabara ya lami ya Dodoma–Babati huwapeleka wageni Kolo kuona michoro ya miambani, Urithi wa Dunia tangu 2006. Waelezwe pia habari ya vilima vinavyowazunguka. Matrekta yalichonga matuta, lakini gharama ya uponaji huu ilibebwa na kaya zilizoachiwa mazizi matupu. Uamuzi wowote mpya kuhusu malisho Kondoa uanze kwa kuzisikiliza.